Ibn Khaldun: Mwanachuoni Aliyeuliza Kwa Nini Mtoto Husema Uongo

Katika ukurasa huu wa maisha ya wanachuoni tumezoea kuwaeleza maimamu wa fiqhi na wapokezi wa hadithi. Safari hii tumemchagua mtu ambaye jina lake hutajwa zaidi katika vyuo vikuu kuliko katika madrasa zetu, naye ni Ibn Khaldun. Sababu yetu ni moja. Zaidi ya miaka mia sita iliyopita aliandika kurasa chache kuhusu watoto wadogo na walimu wao, na humo alizungumzia jambo linalotusumbua sisi walimu kila siku ya masomo: mtoto anayesema amehifadhi hali hakuhifadhi, anayenakili kazi ya mwenzake neno kwa neno pamoja na makosa yake, anayedai daftari amelisahau nyumbani hali limo ndani ya mkoba wake.

Jina lake kamili ni Abdurrahman bin Muhammad bin Khaldun Al-Hadhrami. Alizaliwa mjini Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na mwezi Mei mwaka 1332 Miladia. Hilo neno Al-Hadhrami wasomaji wetu wa pwani watalitambua mara moja, kwani wengi wana babu waliotoka Hadhramaut. Wazee wa Ibn Khaldun nao asili yao ni huko huko, ila wao walielekea magharibi, wakakaa Andalusia katika mji wa Seville kwa karne nyingi, wakawa watu wa elimu na wa vyeo. Wakristo walipokuwa wakikaribia kuuteka mji huo, nao wakauteka mwaka 1248, ukoo huo ulikuwa umekwisha kuvuka bahari kwenda Afrika ya Kaskazini.

Abdurrahman alisoma kama watoto wetu wanavyosoma. Baba yake alikuwa mtu wa elimu na ndiye aliyemfungulia mlango. Akaihifadhi Qur'ani kwa mwalimu wake Muhammad bin Saad bin Burral, akaisoma kwa visomo vyake mbalimbali, kisha akaingia katika lugha ya Kiarabu, hadithi na fiqhi ya Imam Malik. Mwaka 1347 Sultani wa Fez aliiteka Tunis na akaja na kundi la wanachuoni. Miongoni mwao alikuwamo Al-Abili, bingwa wa hesabu na mantiki, na kijana huyu akamganda kwelikweli. Maisha yake yote Ibn Khaldun alimkumbuka Al-Abili kwa heshima kubwa, na sisi tunaamini kwamba mtu aliyependana na mwalimu wake kiasi hicho ndiye mwenye haki ya kuwanasihi walimu.

Haukupita muda, ikaja tauni kubwa ya mwaka 1348 na 1349. Ilimchukua baba yake, ikamchukua mama yake, ikawachukua na walimu wake wengi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi.

Miaka iliyofuata tutaipita kwa haraka, kwa kuwa ni hadithi ndefu ya masultani na vita vyao. Alianza na kazi ya uandishi katika serikali ya Tunis, akahamia Fez mwaka 1354, na mwaka 1357 akatiwa gerezani na Sultani Abu Inan kwa kushukiwa kula njama. Alikaa humo karibu miaka miwili mpaka sultani huyo alipofariki. Baadaye alikwenda Granada, na mwaka 1364 akatumwa kuwa balozi kwa mfalme wa Wakristo kule Seville. Mfalme akamwambia abaki naye, naye atamrudishia mali za wazee wake. Ibn Khaldun akakataa. Akarudi Afrika, akawa mkuu wa serikali ya Bijaya, akahama tena, na tena.

Katika miaka hiyo alihama kutoka kwa mtawala mmoja hadi kwa mwingine, na mara nyingine kutoka kwa mtawala hadi kwa adui yake. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo. Hatuoni sababu ya kuwaficha wanafunzi wetu. Mwenyewe hakuficha, aliyaandika mengi ya hayo kwa mkono wake katika kitabu cha habari za maisha yake. Na pengine mtu aliyeishi muda mrefu hivyo katika majumba ya wafalme, mahali ambapo watu hucheka na mtawala usoni na kumteta mgongoni, ndiye aliyejua vizuri kuliko sisi hofu inavyomfanya binadamu aseme asichokiamini.

Mwaka 1375 alichoka. Akaomba hifadhi kwa kabila moja la Waarabu, wakampa nafasi yeye na familia yake katika ngome iitwayo Qal'at Ibn Salama, ambayo leo imo katika nchi ya Algeria. Alikaa pale karibu miaka minne, mbali na siasa na mbali hata na maktaba. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, akaandika Muqaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Utangulizi huo umekuwa mashuhuri kuliko kitabu chenyewe.

Shughuli yake ya kwanza katika Muqaddima ni uongo. Alitaka kujua kwa nini vitabu vya historia vimejaa habari za uongo ilhali waandishi wake ni watu wazima na wengine ni wasomi. Akataja sababu: mtu hupenda upande wake, humwamini msimulizi bila kumchunguza, hutaka kujipendekeza kwa wakubwa. Sababu kubwa zaidi kwake ni kutojua jinsi mambo ya dunia yanavyokwenda. Mfano wake mmoja utawafurahisha wanafunzi. Mwanahistoria Al-Masudi alisimulia kwamba Iskandar alipokuwa akijenga mji wa Iskandaria, majini wa baharini walikuwa wakimzuia. Basi akatengeneza sanduku la mbao lenye chumba cha kioo ndani yake, akashuka nalo hadi chini ya bahari, akawachora majini wale. Alipopanda juu akafanyiza masanamu yao ya madini na kuyasimamisha mbele ya majengo. Majini walipotoka na kujiona, wakakimbia.

Ibn Khaldun hakumtukana Al-Masudi wala hakuanza kupiga kelele. Aliuliza maswali tu. Je, mfalme mwenye akili angejihatarisha hivyo, na watu wake wasimchague mwingine papo hapo? Je, majini wana sura moja maalumu ya kuchorwa, hali inafahamika kuwa hujigeuza kwa sura nyingi? Halafu akaja na swali zito kuliko yote: mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku chini ya maji atavuta pumzi gani? Akakumbusha kwamba watu wanaofungiwa katika nyumba za hamamu hewa ikakosekana hufa, na wanaoshuka katika visima na mashimo marefu ambamo hewa imechafuka hufa vilevile. Hadithi yote ikaanguka yenyewe, kwa maswali matatu yaliyoulizwa kwa utulivu.

Sasa tuje kwenye kurasa za watoto. Katika sehemu ya mwisho ya Muqaddima, anapozungumzia elimu na namna ya kuifundisha, Ibn Khaldun ameweka mlango mzima kueleza kwamba ukali unawadhuru wanafunzi, hasa watoto wadogo. Anasema, kwa maana yake, kwamba mtoto anayelelewa kwa mabavu na kukandamizwa nafsi yake hubanwa. Uchangamfu wake huondoka, akaingiwa na uvivu, kisha akasukumwa kwenye uongo. Na uongo anaoukusudia yeye ni ule wa kuonesha nje kitu kisichokuwamo moyoni, kwa kuogopa mikono isimfikie. Hapo mtoto hujifunza hila na udanganyifu. Anapoendelea kukua, jambo lile huwa mazoea, na mazoea yakawa ndiyo tabia yake. Hata ule moyo wa kujitetea na kuitetea nyumba yake hudhoofika, akawa mzigo kwa wengine. Anaongeza kwamba ndivyo yalivyokuwa mataifa yaliyotawaliwa kwa nguvu muda mrefu.

Tuyaangalie maneno haya vizuri, kwa sababu yanageuza swali tulilolizoea. Wengi wetu, mtoto akidanganya, huuliza ni adhabu gani itamfaa. Ibn Khaldun anarudi nyuma hatua moja na kuuliza uongo ule umetoka wapi. Na jibu lake si la kumfurahisha mwalimu, maana anaelekeza kidole kwenye bakora.

Hebu tuchukue mfano wa darasani. Mtoto wa miaka minane amepewa kuhifadhi nusu ukurasa. Jioni ametumwa dukani, akacheza, akalala. Kesho yake anafika madrasa na anajua kwamba asiyehifadhi atachapwa. Mbele yake kuna njia mbili: aseme kweli apigwe sasa hivi, au aseme anaumwa na koo, au ajichanganye katika kundi la wanaosoma kwa pamoja huku akifumbua mdomo tu. Mtoto yeyote mwenye akili timamu atachagua ya pili. Akifaulu leo, kesho atafaulu vizuri zaidi. Mwalimu anadhani anawafundisha watoto Qur'ani, na kumbe baadhi yao somo wanalolihifadhi ni jinsi ya kumkwepa.

Kuna wazazi watakaosoma haya na kusema kwamba wao walichapwa na wakawa watu. Hatubishani nao kuhusu maisha yao. Tunawaomba tu wakumbuke, kwa ukweli wa nafsi zao, ni mara ngapi walimdanganya mwalimu yule aliyekuwa akiwachapa, na kama walipata kumdanganya mwalimu waliyempenda.

Wala mtu asidhani kwamba Ibn Khaldun anawaachia watoto wafanye wapendavyo. Anasema mwalimu asiwe jabari kwa mwanafunzi wake na baba asiwe jabari kwa mwanawe, lakini adabu ipo. Anamtaja Ibn Abi Zayd wa Qayrawan, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Malik, aliyesema kwamba mwalimu akilazimika kumpiga mtoto kwa kumtia adabu asizidishe mapigo matatu. Angalieni jinsi fiqhi ilivyokuwa ikihesabu. Fimbo ishirini za mwalimu mwenye hasira hazina pa kusimama katika kauli hiyo. Na sisi tunaona kwamba leo, ambapo njia nyingine za kumfundisha mtoto ziko wazi, hata hayo matatu hatuna haja nayo.

Kisha analeta wasia ambao khalifa Harun Ar-Rashid alimpa Khalaf Al-Ahmar, mwalimu wa mwanawe Al-Amin. Kwa ufupi, khalifa alimtaka mwalimu amsomeshe mtoto Qur'ani, hadithi, mashairi na habari za waliotangulia, asiache saa moja ipite bila faida, lakini asimhuzunishe mpaka akaiua akili yake. Asimlegezee pia mpaka akauonea utamu uvivu. Amnyooshe kadiri awezavyo kwa kumweka karibu na kwa upole, na ukali uje pale tu mtoto anapoukataa upole. Huyo mtoto alikuwa mrithi wa ufalme mkubwa kuliko falme zote za wakati ule, na bado baba yake alianza na ukaribu.

Katika milango ya jirani na huo kuna jambo jingine linaloshikamana na uongo wa darasani, ingawa Ibn Khaldun mwenyewe hakuliunganisha. Anasema elimu ipewe mwanafunzi kidogo kidogo. Kwanza aoneshwe mambo makubwa ya somo kwa jumla, kisha arudie kwa ufafanuzi, kisha arudie mara ya tatu ambapo hakuna fundo linaloachwa. Akitwishwa magumu mwanzoni, akili yake huchoka na akaichukia elimu. Anasikitika pia juu ya wanafunzi wa Maghrib wa zama zake, ambao walikaa madrasa miaka kumi na sita wakati wenzao wa Tunis walikaa mitano. Wengi wao walikuwa kimya darasani, hawaulizi wala hawajadili, hima yao yote ni kuhifadhi. Ukiwasikiliza utadhani wanajua, ukiwauliza huoni kitu. Mwanafunzi wa namna hiyo hakukusudia kumdanganya mtu. Lakini amezoezwa kuonesha elimu asiyokuwa nayo, na hapo mlango wa kunakili kwa jirani umekwisha kufunguka. Mtoto tuliyempa sura ndefu kuliko uwezo wake tumempa pia sababu ya kudanganya.

Tumerudi kwenye maisha yake. Mwaka 1378 alirejea Tunis ili apate vitabu vya kukamilishia historia yake. Huko alipata mahasidi, na mwaka 1382 akaomba ruhusa ya kwenda Hija, akapanda jahazi la Iskandaria. Cairo ilimstaajabisha. Wanafunzi walimzunguka, akasomesha katika msikiti wa Al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamfanya kadhi mkuu wa madhehebu ya Malik.

Hapo alikutana na waongo wa aina nyingine. Mahakamani palikuwa na mashahidi waliokuwa wakihesabiwa waadilifu kwa kuwa tu wana jamaa katika nyumba za wakubwa, na baadhi yao walikuwa wakiwasomesha wakubwa hao Qur'ani au kuwasalisha. Palikuwa na waandishi waliojua kupindisha hati, hasa hati za waqfu, mpaka mali iliyowekwa kwa ajili ya masikini ikauzwa kama bidhaa. Ibn Khaldun hakuwapa nusu ukurasa wahifadhi upya. Aliwazuia baadhi kutoa ushahidi, akawaadhibu wengine, akakataa maombezi ya wakubwa. Wapo waandishi wa Misri waliomlaumu kuwa alipita kiasi katika ukali.

Tumelizingatia sana jambo hili, kwani mtu anaweza kusema amejipinga mwenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Karani aliyeghushi hati ya waqfu alikuwa mtu mzima, aliijua haki, na aliiuza kwa fedha. Mtoto aliyesema daftari limebaki nyumbani hakuiuza haki ya mtu yeyote. Ameficha ngozi yake isipigwe. Kosa la mtoto lina jina la uongo na litaitwa hivyo mbele yake, wala hatusemi lipuuzwe. Lakini hakimu wa karani yule hafai kuwa mwalimu wa mtoto huyu. Na ni nani ajuaye makarani wale walifunzwa na walimu gani walipokuwa wadogo?

Ukali wake ulimletea maadui wengi Cairo. Na mwaka huo huo wa 1384 ukaja msiba mzito kuliko yote. Familia yake, iliyokuwa imezuiliwa Tunis, iliruhusiwa kumfuata baada ya Barquq kumwombea. Jahazi lilipokaribia Iskandaria likapigwa na dhoruba, likazama, wakafa maji, na mali yake ikapotea pamoja nao. Mwaka uliofuata akaondolewa katika ukadhi. Akarudi kwenye kusomesha na kuandika, akahiji mwaka 1387, na alirejeshwa katika ukadhi na kuondolewa mara kadhaa, zote pamoja aliushika mara sita.

Tumalizie na kisa cha nyumbu. Mwaka 1401 Ibn Khaldun alikuwa Damascus wakati Timur, yule jemadari wa Watatari, alipouzingira mji. Sultani wa Misri alikuwa amerudi Cairo. Mzee huyu, akikaribia miaka sabini, akateremshwa kwa kamba kutoka ukutani, akaenda kuonana na Timur na kuzungumza naye kwa siku nyingi. Siku moja Timur akamuuliza kama ana nyumbu, na kama angependa kumuuza. Ibn Khaldun akajibu kwamba mtu kama yeye hamuuzii mtu kama Timur, akamtoa nyumbu yule.

Aliporudi Cairo, baada ya kunyang'anywa na wezi njiani kila alichokuwa nacho, akaletewa na mjumbe wa Misri fedha ambazo Timur alizituma kuwa thamani ya nyumbu. Angeweza kuzipokea kimya kimya. Akakataa kuzigusa mpaka awaarifu watawala wa Misri, kwani ni fedha zilizotoka kwa adui wa dola. Akaenda akawaeleza. Baada ya muda fedha zikaletwa kwake zikiwa zimepungua, na aliyezileta akaomba radhi akisema hivyo ndivyo alivyokabidhiwa. Ibn Khaldun akamshukuru Allah, asiulize tena.

Alifariki Cairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, sawa na Machi 1406, akiwa bado kadhi, umri wake miaka sabini na sita kwa hesabu ya Hijria. Alizikwa katika makaburi ya Masufi nje ya lango la Bab an-Nasr. Kaburi lake halijulikani tena liko wapi. Allah amrehemu.